Mashine ya Kufyonza Vumbi: Jinsi ya Kuichagua na Kuitengeneza

Mvua zikisha kwisha, tangu mwezi wa Juni hadi Oktoba, vumbi la hapa Usinge huingia kila mahali: juu ya vitanda, ndani ya redio, hata katika vyombo vya chakula. Majira hayo ndiyo ambayo nyumba nyingi huwa na fedha za tumbaku mkononi. Basi wazazi kadhaa wameniuliza kama yafaa kununua mashine ya kufyonza vumbi, na wengine ambao wanayo wameniuliza kwa nini haivuti tena. Nimeona ni vyema niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, ili wanafunzi nao waone kwamba fizikia haikai darasani tu.

INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya mashine mna mota yenye kuzungusha feni kwa kasi kubwa. Feni hiyo husukuma hewa nje kwa nyuma, na mkandamizo wa hewa ndani hupungua, labda kwa moja ya tano hivi. Hewa ya chumbani, ambayo mkandamizo wake ni mkubwa zaidi, hukimbilia ndani kupitia bomba la mpira, ikichukua vumbi njiani. Vumbi hubaki katika mfuko au kopo, na hewa hupita katika chujio na kutoka.

Mashine ya namna hii iliundwa na mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, mwaka 1901. Ilikuwa kubwa hata ikavutwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1908 Mmarekani mmoja, James Murray Spangler, alipata hataza ya mashine ndogo ya kushikwa mkononi. Yeye alikuwa mfagiaji katika duka moja la mji wa Canton, Ohio, naye alikuwa na pumu. Vumbi la mazulia lilikuwa likimtesa kila siku.

Jambo moja nawaomba mlishike: mashine hii ni njia ya hewa. Ikizibwa mahali popote, au ikitoboka, mashine haifai kitu, hata mota yake ikiwa nzima kabisa.

KUCHAGUA

Swali la kwanza si bei, bali ni sakafu yako. Sakafu ya udongo haitaki mashine hii, kwa maana itafyonza sakafu yenyewe. Sakafu ya saruji isiyo na zulia husafishika vizuri kwa kunyunyiza maji kidogo, kufagia, kisha kupiga deki. Kufagia kukavu ndiko kubaya, kwa kuwa vumbi hupanda hewani na kuingia kifuani, na watoto wenye pumu huumia. Mashine hustahili gharama yake mahali penye mazulia, makochi ya kitambaa na magodoro mengi: msikitini, kanisani, katika nyumba ya wageni, au katika nyumba yenye zulia la ukuta kwa ukuta.

Swali la pili ni umeme. Umeme wa gridi hapa kwetu ni wa volti 230. Mashine za mtumba hutoka nchi nyingi, na zile zilizotengenezwa kwa matumizi ya Marekani ni za volti 120, na za Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja katika soketi zetu, mota yaweza kuungua papo hapo, nawe umepoteza fedha za msimu mzima. Soma kibao kilicho chini au nyuma ya mashine. Ukikuta kimebanduliwa, usinunue. Kadhalika, mashine ya wati 1,400 haiwezi kuendeshwa na umeme wa jua wa kuwashia taa. Wanafunzi wagawanye wenyewe: wati 1,400 kwa volti 230 ni kama ampea 6. Ikifanya kazi nusu saa hula uniti 0.7.

Swali la tatu ni wati zenyewe. Wauzaji husifu wati nyingi, lakini wati ni umeme unaoliwa, wala si vumbi linalovutwa. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliamuru mashine mpya za nyumbani ziwe chini ya wati 1,600, na mwaka 2017 ukateremsha kipimo hicho hadi chini ya 900. Mazulia ya huko hayakuacha kusafishwa.

Swali la nne ni mfuko. Mifuko ya karatasi hutupwa ikijaa, na kuagiza mingine kutoka mbali ni taabu. Kwetu hufaa zaidi mfuko wa kitambaa unaokung'utwa, au mashine yenye kopo. Baadhi ya makopo hayo hufanya kazi sawasawa na lile pipa la bati lililo juu ya mashine ya kusaga mahindi: hewa huzungushwa kwa nguvu, unga hutupwa kwenye kuta na kuanguka chini, na hewa hutokea juu.

Kabla ya kulipa, iombe iwashwe mbele yako. Ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Yapasa kiganja kivutwe kwa nguvu. Ukisikia hewa ikivuja mahali pengine, au ukinusa harufu ya kuungua, mwachie mwenyewe.

IKIHARIBIKA

Kabla ya kufungua chochote, chomoa plagi. Kisha fuata utaratibu huu.

Ikiwa haiwaki kabisa, jaribu soketi kwa kuchomeka taa. Taa ikiwaka, tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi, kisha waya mahali unapokunjwa sana. Ikiwa ilizimika yenyewe katikati ya kazi, huenda imepata joto, na swichi ya usalama imeikata. Safisha chujio, iache ipoe muda wa saa moja, ndipo uiwashe tena.

Ikiwa inawaka lakini haivuti, ondoa bomba na uweke kiganja kwenye tundu la mashine yenyewe. Ikivuta vizuri hapo, kizuizi kimo ndani ya bomba au brashi. Mashine moja niliyoletewa, ambayo mwenyewe alisema imekufa, ilikuwa na kifuniko cha kalamu na maganda ya karanga kwenye kona ya bomba. Visukume kwa mpini usio na ncha, kwani waya mkali hutoboa mpira. Lakini ikiwa hata kwenye tundu haivuti, kasoro imo katika mfuko au chujio. Mwaga vumbi, kung'uta chujio nje, na kama ni la kuoshwa, lioshe na kulianika mpaka likauke kabisa.

Watu wengi hudhani mlio ukiwa mwembamba na mkali, mashine imepata nguvu. Sivyo. Njia ikizibwa, feni haina hewa ya kutosha ya kusukuma, mzigo wake hupungua, nayo huzunguka kwa kasi zaidi. Mlio huo ni dalili ya kuzibwa. Zima upesi, kwa sababu katika mashine nyingi hewa hiyo hiyo ndiyo inayopoza mota.

Vumbi likitoka kwa nyuma, mfuko umepasuka au chujio halikukaa sawa. Cheche kubwa na harufu kali huonyesha kwamba kaboni za mota zimekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi, na kaboni ni kitu kidogo kuliko mota mpya, basi muulize kwanza kabla hujakubali kubadilishiwa mota.

Mwisho, usifyonze maji isipokuwa mashine imeandikwa kwamba yaweza, wala majivu yenye moto, wala saruji au unga mwingi, kwa maana vitu laini kama hivyo huziba chujio kwa dakika chache.

Mwenye zulia moja dogo alitoe nje, alitundike kwenye kamba na kulipiga kwa fimbo upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Fedha zinazobaki zina kazi nyingine.