Uungwana wa Nasaba na Uungwana wa Vitendo: Neno "Arya" katika Uhindu na Ubuddha



Mfasiri wa Kiswahili anayeyakabili maandiko ya Kihindu na ya Kibuddha hukutana mapema na neno moja gumu: "arya" katika Kisanskriti, ambalo katika Kipali ni "ariya". Kulifasiri kwa "bora" au "tukufu" si kosa, lakini kunaficha swali ambalo neno hili limelibeba kwa karne nyingi: je, ubora huo mtu huzaliwa nao, au huupata?

Katika Rigveda, ambayo tenzi zake hukadiriwa kutungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K., "arya" ni jina ambalo watunzi walijiita wenyewe. Walijitenga nalo na watu waliowaita "dasa", neno ambalo baadaye lilimaanisha mtumwa. Sheria za Manu nazo zililifungamanisha na matabaka matatu ya juu, yaani "waliozaliwa mara mbili". Kuzaliwa huko kwa pili kulikuwa ni ibada ya kuvishwa uzi mtakatifu, nao Washudra walizuiliwa kuifikia. Hapo uungwana ni nasaba.

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba Uhindu uliishia hapo. Katika Bhagavadgita, Arjuna anapokata tamaa na kukataa kupigana, Krishna anamkemea kwamba hali hiyo haimstahili "arya". Arjuna ni wa ukoo wa kifalme, lakini nasaba hiyo haimkingi na lawama. Neno limeanza kupima mwenendo, ingawa kipimo chenyewe bado ni wajibu wa tabaka lake la wapiganaji.

Ubuddha ulikwenda mbali zaidi. Kisa cha Angulimala, kilichomo katika matini za Kipali, chatosha kulithibitisha hilo. Angulimala alikuwa mwuaji aliyetubu akawa mtawa. Buddha alimtuma kwa mwanamke aliyekuwa katika uchungu mgumu wa uzazi, atamke kwamba tangu azaliwe hajaua kiumbe kwa makusudi, na kwa kweli hiyo mama na mtoto wasalimike. Angulimala akapinga: huo ungekuwa uongo. Ndipo Buddha akamwelekeza aseme: tangu nizaliwe kwa uzao wa "ariya". Zingatieni kwamba neno la uzazi halikutupwa. Limebaki, ila mlango wake umehamishwa kutoka tumboni kwa mama hadi kwenye toba na nidhamu.

Suala hili linatugusa wanaisimu tunapofasiri zile kweli nne za Buddha, "ariyasacca". Katika Kipali hii ni nomino ambatani isiyoonyesha uhusiano wa sehemu zake. Buddhaghosa, mfafanuzi wa karne ya 5, aliifafanua kwa njia kadhaa, zikiwemo: kweli zitambuliwazo na waungwana, na kweli zimfanyazo mtu kuwa muungwana. Sarufi ya Kiswahili hairuhusu utata huo. Tukisema "kweli tukufu", sifa ni ya kweli. Tukitumia -a unganifu tukasema "kweli za waungwana", sifa ni ya watu. Napendekeza fasiri hii ya pili, kwa sababu inamrejesha mtu katika kiini cha mafundisho.

Zipo hoja za kulipinga pendekezo hili. Katika pwani yetu, muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa, na wazao wa watumwa walinyimwa jina hilo. Hoja hiyo ni nzito. Lakini "arya" nalo si neno safi. Mwaka 1888 Max Müller alionya kwamba ni istilahi ya lugha, wala si ya damu. Mwaka 1933 serikali ya Ujerumani ikalitumia kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa umma. Neno lisilo na kovu lingemnyima msomaji wetu kuiona kazi aliyoifanya Buddha: kuchukua neno la wenye nasaba na kumpa mwuaji aliyetubu.

Kiswahili nacho kimeifanya kazi hiyo kwa njia yake. Wahenga wetu, waliojua vyema nani alihesabiwa muungwana na nani mtumwa, walituachia usemi usiotaja ukoo wala mji: muungwana ni vitendo. Mfasiri wa "ariya" ana pa kuanzia.