Dakika Chache Chini ya Kamera: Vigunduzi Vipya vya Tiba ya Nyuklia

Mgonjwa wa moyo anayefikishwa kwenye kamera ya gama huombwa jambo linaloonekana dogo: alale chali, ainue mikono juu ya kichwa, asijitikise. Kwa kijana mwenye nguvu, robo saa ya namna hiyo hupita upesi. Kwa mzee mwenye maumivu ya bega, au kwa mtu anayeishiwa pumzi kila alalapo chali, dakika hizo ni adhabu. Naye akijisogeza kidogo tu, sehemu ya msuli wa moyo iliyo nzima yaweza kuonekana kana kwamba haipati damu. Kwa hiyo suala la muda si suala la starehe peke yake. Linagusa ukweli wa majibu.

Kwa nini picha hizi huchukua muda mrefu? Katika eksirei, mashine ndiyo itoayo mionzi. Katika tiba ya nyuklia, mionzi hutoka ndani ya mgonjwa mwenyewe, katika kiasi kidogo cha dawa aliyodungwa mshipani, mara nyingi yenye teknishiamu-99m. Kamera huingojea miale hiyo na kuihesabu mmoja mmoja.

Kamera aliyoibuni Hal Anger huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1950 ndiyo mama wa zile zinazotumika katika hospitali nyingi hadi leo. Mbele yake kuna bamba la risasi lenye matundu membamba, linalopitisha tu miale iliyonyooka na matundu hayo ili ijulikane ilikotoka. Mingine humezwa: kati ya miale 10,000 hupita mmoja hivi. Uliopita hugonga fuwele ya sodiamu ayodaidi na kuzaa mmweko wa mwanga, nao mmweko hugeuzwa umeme na mirija iliyo nyuma ya fuwele. Katika kila hatua, habari fulani hupotea.

Vigunduzi vipya vimeiondoa hatua ya mwanga. Hutengenezwa kwa kadmiamu, zinki na teluri, mchanganyiko unaogeuza mwale wa gama kuwa umeme moja kwa moja. Nishati ya mwale hupimwa kwa usahihi zaidi, hivyo miale iliyopinda njiani ndani ya mwili hutambuliwa na kuachwa. Tena, kwa kuwa mirija mikubwa haihitajiki, vigunduzi huwa vidogo, vikaweza kupangwa kuuzunguka moyo na kuutazama vyote kwa pamoja. Mpangilio huo ndio hasa uletao kasi: picha ya moyo iliyohitaji dakika 15 au 20 hupatikana kwa dakika 5 au pungufu.

Katika skani ya PET, miale hutoka miwili miwili ikielekea pande zinazopingana, na vigunduzi vya kisasa hupima ni upi uliotangulia kufika. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde 1. Kigunduzi kinachotofautisha pikosekunde 200 hukikadiria chanzo chake ndani ya sentimita 3 hivi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Simon Cherry na Ramsey Badawi, walitoa picha za kwanza za binadamu kwa skani yenye urefu wa karibu mita 2, inayouona mwili mzima kwa mara moja.

Faida hii yaweza kutumiwa kwa njia mbili: kufupisha muda, au kupunguza dawa na hivyo mionzi anayopokea mgonjwa. Anayetaka vyote viwili kwa ukamilifu atapata picha hafifu. Kwa mtoto, kupunguza dawa huwa na uzito zaidi. Kwa aliye katika maumivu makali, dakika ndizo zenye thamani. Uamuzi huo ni wa kitabibu, na mashine haiwezi kuufanya.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kuvithamini vigunduzi hivi. Teknishiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na jenereta zinazoitoa huagizwa kutoka ng'ambo. Mtambo wa NRU wa Kanada uliposimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali duniani kote zilionja uhaba. Kamera inayotosheka na dawa kidogo humwezesha mhudumu kuwafikia wagonjwa wengi zaidi kwa jenereta ileile.

Hata hivyo, mgonjwa asidhani kwamba safari yake yote itakuwa fupi. Dawa ya kupimia mifupa huhitaji saa 2 hadi 4 ijikusanye mifupani. Sukari ya PET huhitaji saa 1 hivi. Mhudumu na amweleze hayo kabla ya sindano, amuulize kuhusu ujauzito na kunyonyesha, na amwambie aseme mapema penye maumivu. Kamera yaweza kuharakishwa, mwili haukimbizwi.