Muuguzi Anaposoma Bila Kuiacha Zahanati

Muuguzi anapokwenda chuoni kujiendeleza, zahanati ya kijijini hubaki na pengo. Ndiyo maana elimu ya masafa kwa njia ya mtandao imepokelewa kwa matumaini makubwa. Je, wanafunzi wenyewe wanaridhika nayo?

Tuangalie mfano wa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2005, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo, shirika la AMREF na washirika wao walianzisha mpango wa kuwaendeleza wauguzi wa cheti wapatao 22,000 wafikie stashahada. Kwa nafasi zilizokuwapo vyuoni, kazi hiyo ilikadiriwa kuchukua zaidi ya miaka 100. Hivyo masomo yakawekwa kwenye kompyuta, ili muuguzi asome huku akiendelea na kazi.

Yapo yanayowaridhisha wanafunzi wa namna hii. Mshahara haukatiki, familia haiachwi, na somo gumu hurudiwa mara nyingi. Analosoma leo hulitumia kesho wodini.

Yapo pia yanayowakatisha tamaa: umeme kukatika, mtandao hafifu, gharama za bando, zamu za usiku, na mwalimu anayechelewa kujibu maswali.

Zaidi ya hayo, uuguzi ni kazi ya mikono. Kuzalisha au kuweka dripu hakufundishiki kwa kioo cha kompyuta peke yake. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga vyuo katika nchi nyingi, wanafunzi waliendelea na nadharia mtandaoni, lakini wengi walikosa mazoezi kwa vitendo. Mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani na bado akamwogopa mgonjwa.

Kwa hiyo, kabla kamati ya usharika haijamlipia muuguzi ada, tunashauri iulize maswali manne:

1. Je, kozi inatambuliwa na Baraza la Wauguzi?
2. Mazoezi yatafanyika wapi, na msimamizi ni nani?
3. Je, zamu zake zitapangwa ili apate muda wa kusoma?
4. Je, umeme na bando vimo kwenye bajeti?

Kwa wafadhili wetu, swali la nne lina uzito wa pekee. Kompyuta bila umeme wala bando ni pambo la ofisi. Tunapomsaidia muuguzi, tumsaidie mpaka amalize, naye mama mjamzito aikute zahanati iko wazi.