Sinagogi la Mtaa wa Eldridge Lilivyookolewa

Katika mtaa wa Eldridge, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Manhattan mjini New York, lipo sinagogi lililofunguliwa mwaka 1887. Walilijenga Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki, na ramani yake ilichorwa na ndugu wawili, Peter na Francis Herter. Ndani mlitiwa madirisha ya vioo vya rangi, roshani ya wanawake, na taa kubwa ya shaba iliyowaka kwanza kwa gesi, kisha kwa umeme. Kwa mafundi cherehani na wachuuzi waliolala katika vyumba finyu visivyopata mwanga, jumba hilo lilikuwa fahari yao.

Mwaka 1924 sheria ya Marekani ilipunguza mno idadi ya wahamiaji. Wenyeji wa zamani nao wakahamia mitaa mingine. Kufikia miaka ya 1950 waumini waliosalia hawakuweza tena kumudu gharama za jumba zima, wakaufunga ukumbi mkuu na kusali katika chumba cha chini. Juu yao paa lilivuja, lipu ikabanduka, na njiwa wakafanya makao. Hata hivyo, ibada ya Sabato haikukoma.

Katika miaka ya 1970 wapenda historia walianza kulishughulikia jumba hilo, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa kulifufua, ukiongozwa na mwandishi Roberta Brandes Gratz. Kazi ilimalizika mwaka 2007, na gharama yake ilikaribia dola milioni 20. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini mafundi hawakukusudia kulifanya jumba lionekane kama limejengwa jana. Mbao za sakafu zilikuwa na vibonde vilivyochimbwa na nyayo za waliosimama kusali kwa miaka mingi. Vibonde hivyo viliachwa. Sehemu ya ukuta nayo iliachwa bila kutengenezwa, ili mgeni aone uharibifu ulivyokuwa.

Swali gumu lilikuwa dirisha kubwa la upande wa mashariki. La asili lilikuwa limeharibika, na mwaka 1944 nafasi yake ilizibwa kwa matofali ya kioo kwa kukosa fedha. Kwa kuwa hapakuwa na picha ya kuonyesha lilivyokuwa, wahifadhi hawakutaka kubuni mfano wa uongo. Mwaka 2010 liliwekwa dirisha jipya la nyota, kazi ya msanii Kiki Smith na msanifu majengo Deborah Gans.

Leo jumba ni makumbusho, na mtaa unaolizunguka umekuwa makazi ya Wachina wengi. Fedha nyingi zilihitajika kulirudishia uzuri wake. Lakini kwanza walihitajika wale wachache waliokataa kuondoka, wakasali chini ya paa linalovuja mpaka wenzao walipofika.