Umenyimwa Zabuni? Siku Tano Zimeshaanza Kuhesabika

Masika yakikolea Bonde la Kilombero, kila kalavati hupimwa hadharani. Mto Lumemo ukifurika na maji kuingia mitaani Ifakara, watu huanza kuulizana: hii barabara alipewa nani, na alipewaje? Ni swali la haki kabisa, ila huulizwa kwa kuchelewa. Mjenzi alichaguliwa miezi mingi nyuma, na wakati ule palikuwa na siku chache ambazo sheria ilimruhusu mzabuni mwenzake kuhoji uteuzi huo. Kwa kawaida siku hizo hupita kimya.

Ukikaa na makandarasi wa daraja la sita na la saba pale Kibaoni, utasikia kauli moja: "Tenda ina mwenyewe." Inawezekana wakati mwingine ni kweli. Lakini anayeamini hivyo halalamiki, na asipolalamika, aliyekosea kwenye tathmini hana sababu ya kujirekebisha. Ndiyo maana naona kupinga tuzo isiyo halali ni sehemu ya kazi ya mkandarasi, sawa na kuandaa bei.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024. Zabuni hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kamati ya Tathmini inapitia zabuni, Bodi ya Zabuni inaidhinisha, na Afisa Masuuli, ambaye kwenye halmashauri ni Mkurugenzi, anatoa notisi ya kusudio la kutoa tuzo kwa wazabuni wote walioshiriki. Notisi hiyo inamtaja anayekusudiwa kupewa kazi na bei yake, na inakueleza wewe kwa nini umekosa.

Hapo ndipo saa inapoanza kukimbia. Zamani mzabuni alikuwa na siku saba za kazi za kulalamika. Sheria mpya imezipunguza kuwa tano. Ukipokea notisi Jumatano, na hakuna sikukuu katikati, siku yako ya mwisho ni Jumatano inayofuata, kwa sababu Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Kenya, kwa kulinganisha, mzabuni ana siku 14 za kufika kwenye bodi yao ya mapitio, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Nia ya kwetu ilikuwa miradi isikwame, na mtu anayesubiri barabara ya Mlimba anaielewa nia hiyo. Hata hivyo siku tano ni chache kwa mkandarasi mdogo ambaye hana mwanasheria, na ambaye pengine notisi imemkuta yuko saiti mahali pasipo na mtandao.

Malalamiko ya kwanza yanakwenda kwa Afisa Masuuli yuleyule aliyetoa notisi. Wengi hukata tamaa hapo: utamshtakije mtu kwake mwenyewe? Usiiruke hatua hii. Akikukatalia, au akikaa kimya hadi muda wake ukaisha, unakata rufaa Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, PPAA, tena ndani ya siku tano za kazi. PPAA nayo ina siku 40 za kutoa uamuzi, kutoka 45 za awali. Zamani rufaa ilimaanisha kufunga safari na mafaili. Sasa malalamiko na rufaa vinawasilishwa ndani ya NeST, na kwa mtu wa Ifakara hilo ni jambo kubwa. Asiyeridhika na PPAA ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio.

Njia hiyo si ngumu kuijua. Kinachowaangusha wengi ni wanachokilalamikia.

Chukua mfano wa kubuni. Halmashauri imetangaza kazi ya makalavati. Nyaraka za zabuni zinataka mzabuni awe amefanya kazi mbili za aina hiyo ndani ya miaka mitano, na aambatishe mikataba pamoja na hati za kukamilisha kazi. Wewe umeambatisha zote. Notisi inakuja imeandikwa: "Hakukidhi kigezo cha uzoefu." Kwa hasira unaandika kwamba bei yako ni ndogo kuliko ya mshindi, kwamba wewe ni mzawa wa Kilombero, na kwamba mshindi anajulikana ni mtu wa nani. Hapo umeshindwa kabla hujasikilizwa. Bei ndogo haikupi kazi kama ulitolewa kwenye hatua ya sifa, na tuhuma ya upendeleo bila ushahidi hujibiwa kwa sentensi moja.

Andika hivi badala yake: kigezo namba fulani kinataka kazi mbili, nimeambatisha mkataba huu na huu, na hati hii na hii, zote zimo kwenye NeST, naomba nionyeshwe ni sharti gani la kigezo hicho sikulitimiza. Malalamiko ya aina hii humlazimisha Afisa Masuuli kufungua taarifa ya tathmini. Ikionekana kamati ilidai kazi tatu wakati nyaraka zinasema mbili, hana pa kusimama, maana kanuni inataka tathmini ifanywe kwa vigezo vilivyotajwa kwenye nyaraka, na kwa hivyo tu. Kigezo kilichobuniwa ndani ya chumba cha tathmini hakina uhalali, hata kama kina busara.

Kuna upande wa pili wa kanuni hiyo, na unawaumiza watu. Kama kigezo chenyewe kilichoandikwa ni cha kuonea, tuseme kinadai mauzo ya mwaka ambayo hayalingani kabisa na ukubwa wa kazi, saa ya kukipinga inaanza siku ulipokisoma. Ukinyamaza, ukashiriki, ukakosa, halafu ukasema kigezo kilikuwa kibaya, utaambiwa ulikikubali mwenyewe.

Hata ukishinda rufaa, usitegemee PPAA ikukabidhi kazi. Inaweza kubatilisha uamuzi, kuamuru tathmini irudiwe au kuagiza ulipwe gharama zako. Kuna wanaoona huo ni ushindi mdogo. Mimi siuoni hivyo: tathmini iliyorudiwa chini ya macho ya watu hufanywa kwa uangalifu zaidi.

Kwa kazi kubwa za bondeni, angalia pia fedha imetoka wapi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ilipata fedha za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani. Pale ambapo makubaliano na mfadhili yana taratibu zake za ununuzi, na zikagongana na sheria yetu, za mfadhili ndizo hutangulia. Zisome kabla hujachagua mlango wa kugonga.

Mwananchi asiye mzabuni hana nafasi PPAA. Mlango ule ni wa wazabuni. Anaweza kumuuliza diwani wake, anaweza kusoma ripoti za Mkaguzi Mkuu, na panapo dalili ya rushwa anakwenda TAKUKURU. Lakini njia hizo huchukua muda. Mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond ulitolewa mwaka 2006. Kamati Teule ya Bunge iliyouchunguza, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilisoma taarifa yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu mwezi huohuo. Kati ya miaka hiyo, nchi ilikuwa imeshafungwa na mkataba.

Kwa hiyo makandarasi wa Kilombero, tangazo la zabuni likitoka, someni vigezo kabla ya kupiga hesabu ya bei. Mkiona kigezo kinachowaonea, kihojini kwa maandishi siku hiyohiyo, zabuni ikiwa bado iko wazi.