Gari Linapokataa Kuingia Gia



Kila tunapoleta hesabu za gari tunaulizwa: kwa nini klachi tena? Swali hilo ni la haki. Tumeona tulieleze katika toleo hili, na tuseme pia mahali tulipokosea sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay haijawekwa lami, Land Cruiser ya mradi wa maji ilikwama Mbinga ikiwa na shehena ya mabomba. Injini inanguruma, gia hazikubali. Gari likavutwa hadi Songea, na gereji moja ikatuambia klachi yote imeungua. Tulinunua seti nzima. Dereva tukamkata mshahara, kwa kuwa tuliamini anapanda milima ya Umatengo huku mguu ukiwa juu ya pedeli. Baada ya wiki tano gari likagoma vilevile.

Klachi iliyoungua huteleza. Gia inaingia, injini inapiga kelele, lakini gari halivuti mlima, na mara nyingi harufu ya kuungua husikika. Gari linalokataa gia kwa kawaida lina shida nyingine: klachi haiachii, yaani injini inaendelea kuzungusha giaboksi ingawa pedeli imekanyagwa hadi chini.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Dereva azime injini, avute handibreki, akanyage klachi na kujaribu gia zote. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na kukataa inapowashwa, tatizo litafutwe kwenye klachi. Zikikataa hata injini ikiwa kimya, ukaguliwe mkono wa gia na viungo vyake, kisha giaboksi yenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi. (Kabla ya yote, atazame kama kapeti haijajikunja chini ya pedeli. Msicheke, imewahi kutokea.)

Klachi ya Land Cruiser yetu husukumwa na mafuta ya breki. Kikopo chake kikipungua ghafla, ujue yanavuja mahali. Dereva akanyage na kuachia pedeli haraka mara kadhaa. Gia zikikubali baada ya hapo, kuna upepo ndani ya bomba au raba zimechoka. Majimaji yakionekana juu ya pedeli, ndani ya gari, silinda ya juu inavuja. Kisha aingie chini ya gari na kufunua raba ya vumbi ya silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Fundi wa pili alipofanya hivyo kwenye gari letu, mafuta yalimtiririkia vidoleni. Yule wa kwanza, alipofunga klachi mpya, alijaza mafuta na kutoa upepo. Ndiyo sababu gari lilitembea wiki tano, mpaka yalipovuja tena.

Pasipo kuvuja, mtu mmoja akanyage pedeli na mwingine atazame kijiti cha silinda ile. Kikisukuma mwendo wake wote na gia bado zinakataa, basi kasoro iko ndani, na kushusha giaboksi hakukwepeki. Gari lililosimama masika nzima, kwa mfano, pleti yake huweza kuganda kwa kutu.

Oili ya injini isitiwe kamwe kwenye kikopo cha mafuta ya breki, hata kama mmekwama porini. Raba huvimba, na silinda zote huharibika.

Kwa hiyo kamati ikiletewa ankara ya seti ya klachi, iulize kwanza: gia zilijaribiwa injini ikiwa imezimwa? Silinda zilifunuliwa, na nani alishuhudia?

Raba tulizobadilisha mara ya pili hazikufikia nauli ya basi ya Songea hadi Mbinga na kurudi. Dereva tulimrudishia fedha zake mwezi uliofuata, na barua yetu ya kumwomba radhi imo kwenye faili lake.