Ngoma Ina Wenyewe: Chicago, London, Riruta

Panda mat ya 46 jioni pale tao, hasa zile nganya zimejazwa spika mpaka chini ya viti, na kabla mpite Yaya drill itakuwa ishakupata. Besi inateleza, inapanda, inashuka, dirisha inatetemeka, na makanga amening'inia mlangoni akijua kila mstari. Wasee wa Satellite, Kawangware, Kabiria na Ngando, hiyo sauti ndiyo imetulea hii miaka ya juzi. Wakadinali waliachilia albamu ya Victims of Madness 2020. Buruklyn Boyz wa Buru wakakuja na East Mpaka London 2022. Huku Dago tunapenda kujiona tofauti na watu wa Eastlands, lakini hizo ngoma zilivuka tao zikaingia kwetu bila kubisha hodi.

Sasa uliza wasee wa base hiyo sauti ilitoka wapi. Wengi watakushow ni ya London. Hapo wako sawa nusu, na ile nusu imebaki ni story tamu sana, mi huona ni aibu kijana anapenda ngoma hivi akose kuijua.

Drill ilizaliwa Chicago, upande wa South Side, miaka ya 2010 ikianza. Chief Keef alikuwa boy wa miaka 16 wakati I Don't Like ililipuka 2012. Majamaa wa Brixton, kusini mwa London, wakaidaka. Wakabadilisha dramu zake zipigwe kwa kuvunjavunja, wakaiongezea ile besi inateleza, wakaweka Kizungu cha mtaa wao. Halafu 2019 prodyuza wa London, 808Melo, akampikia Pop Smoke wa Brooklyn biti ya Welcome to the Party, so sauti ikarudi Marekani ikiwa imebadilika sura. Ndiyo ikashuka Nairobi, ikakutana na Sheng, ikajenga.

Lakini cheki hii. Hiyo haikuwa mara ya kwanza Chicago inalisha London. Miaka hamsini na kitu kabla ya hapo, watoto wa Uingereza walikuwa washachota kisima hicho hicho, na wakati huo maji yake ilikuwa ni blues.

Kuna msee anaitwa Muddy Waters. Jina lake la kuzaliwa ni McKinley Morganfield, na alikuwa kibarua wa shamba la pamba Mississippi. Mwaka wa 1943 akapanda treni akaenda Chicago kusaka kazi, vile tu wazazi wetu walitoka Kakamega na Kisii na mfuko moja wakaja kutafuta keja Kawangware. Ushago alikuwa akipiga gitaa ya mbao, watu wanaskia poa. Chicago baa ni kelele, watu wamelewa, hakuna mtu anaskia gitaa ya mbao. So akachomeka gitaa kwa stima. Blues ya shamba ikawa blues ya mji, na kampuni ya Chess Records ikaanza kuisambaza kwa santuri.

Mwaka wa 1958 Muddy akafika Uingereza kutumbuiza. Waingereza wengi waliopenda blues walitarajia mzee mpole na gitaa yake ya mbao, so alipowasha ile ya stima kuna wenye walishtuka. Vijana ndio walishika rada haraka. Oktoba 17, 1961, kwa stesheni ya treni ya Dartford, nje kidogo ya London, Keith Richards alikutana na Mick Jagger, mtu alikuwa anamjua tangu wakiwa watoto. Mick alikuwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Hizo vitu zilikuwa ngumu kupatikana Uingereza, ilibidi uagize Marekani na ungoje posta. Stori zikaanzia hapo, kwa sababu ya santuri za watu weusi. Julai 12, 1962 bendi yao ikapiga shoo ya kwanza Marquee Club, London, na jina waliyojipa, The Rolling Stones, waliitoa kwa ngoma ya Muddy ya 1950.

Na kuna siku moja natamani ningekuwa hapo. Mei 1964, televisheni ya Granada ya Manchester ilichukua stesheni ya treni yenye ilikuwa imefungwa, wakaigeuza steji. Mafans waliketi upande moja wa reli, wanamuziki upande ule mwingine. Mvua ikanyesha. Akaja mama anaitwa Sister Rosetta Tharpe, mtu alianzia gitaa yake kanisani, ameletwa na gari ya farasi, amevaa koti. Akashika gitaa ya stima akaichapa mbele ya wale vijana wa Kizungu, mistari ni ya injili na mkono ni wa rock and roll. Muddy Waters alikuwa kwa shoo hiyo hiyo. Video bado iko, itafute. Wasee wa huku wenye walijifunza gitaa kwa kwaya ya kanisa, hapo Riruta ama Waithaka, huyo mama ni wenu.

Watu wengine huambiwa hii story wakaishia kusema wazungu waliiba, kwisha. Mi naona inabidi tutofautishe. Mwaka wa 1965 Rolling Stones waliitwa kwa shoo kubwa ya televisheni Marekani, Shindig! Wakasema wanataka Howlin' Wolf aimbe kwa hiyo shoo. Huyu alikuwa jitu la blues ya Chicago, na Wamarekani wengi weupe hawakuwa wanamjua hata akiwa anaishi kwao. Alipokuwa akiimba, hao vijana wamemzunguka wamekaa chini wanamskiza. Hiyo ni heshima, na ilimfungulia mzee milango.

Upande ule mwingine kuna Led Zeppelin. Whole Lotta Love, ngoma yao ya 1969, ilikuwa na mistari ya You Need Love, yenye Willie Dixon aliandika na Muddy Waters akarekodi 1962. Jina la Dixon halikuwa kwa santuri. Mzee akaenda kortini 1985, wakamalizana 1987, na jina lake likaongezwa. Kati ya 1969 na 1987 ni miaka 18. Dixon alianzisha shirika, Blues Heaven Foundation, la kusaidia wanamuziki wa blues kudai haki zao, na leo makao yake yako kwa ile nyumba ya zamani ya Chess Records, South Michigan Avenue, Chicago. Ngori yake ikawa msaada kwa wengine.

Sasa rudi Nairobi, juu sisi pia tuko ndani ya hii story, na ni wachache wanaijua.

Twist, ile dansi ya kuzungusha kiuno, pia ilitoka kwa watu weusi wa Marekani. Hank Ballard aliirekodi mwisho wa miaka ya 50, Chubby Checker akaifanya ikalipuka 1960, na mifupa yake ni blues ya bar kumi na mbili. Ilipofika Nairobi, wanamuziki wa Equator Sound waliishika wakaichanganya na kwela ya Afrika Kusini. Hiyo bendi ilikuwa mkusanyiko wa East Africa na zaidi: Daudi Kabaka na Fadhili William wa hapa, Charles Ssonko wa Uganda, Peter Tsotsi na Nashil Pichen kutoka Zambia. Kabaka ndiye alibatizwa mfalme wa twist, na moja ya ngoma zake ni Helule Helule.

Mwaka wa 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ikarekodi Helule Helule. Ikaingia chati ya Uingereza ikafika nambari 14. Ngoma ya Nairobi, ya mtu wetu, kwa redio za London! Na The Tremeloes hawakuwa wasee wa pembeni. Mwaka wa 1962 ukianza, kampuni ya Decca iliwapima pamoja na The Beatles, ikawachukua wao. Mwaka uliofuata walitamba na Twist and Shout, ngoma yenye The Isley Brothers, mandugu weusi wa Marekani, walikuwa wameivumisha. Yaani bendi moja ilichukua twist ya Marekani, halafu ikakuja ikachukua na twist ya Nairobi. Kabaka alifariki 2001. Ukitembea kutoka Dagoretti Corner mpaka Satellite ukiuliza vijana Kabaka ni nani, wengi watakwambia ni mfalme wa Buganda. Hiyo inaniuma.

Na majina yakipotea, ngori haiishi. Cheki Malaika. Fadhili William aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 60, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaiweka kwa albamu yao ya 1965, Boney M wakaiimba 1981, dunia nzima inaijua. Lakini mpaka wa leo watu wanabishana nani aliitunga. Wengine wanasema ni Fadhili, wengine Adam Salim wa Tanzania, wengine Grant Charo.

Niliongea hizi vitu na prodyuza flani wa mtaa. Studio yake ni keja ya chumba kimoja, trei za mayai zimegongwa kwa ukuta, blanketi limefunika mlango, maiki imevalishwa soksi. Alikuwa anachora besi ya drill kwa FL Studio. Kwa kioo unaona noti zimekaa kama vijiti, moja ndefu chini, halafu anaweka kidogo juu yake na kuiambia iteleze. Besi inatoka noti moja mpaka ingine bila kukatika, ile wuuu inakushika tumboni. Nikamwambia ashikilie kidogo, nikamchezea I Can't Be Satisfied ya Muddy Waters, ya 1948. Muddy alikuwa anavaa kibomba kidoleni, anakiburuta juu ya nyuzi za gitaa, so sauti haikati, inateleza kutoka noti moja mpaka ingine. Jamaa akanyamaza. Akairudisha mwanzo. Akairudisha tena. Halafu akasema, "Manze, huyu mbuyu anateleza kama mimi." Nikamwambia ni wewe unateleza kama yeye.

Sisemi prodyuza wa Brixton alikaa chini akaskiza Muddy ndiyo atengeneze drill. Nasema Chicago ilikuwa na hiyo sauti ya kulia na kuteleza kabla hata wazazi wetu wazaliwe, na watu wenye waliianzisha walikuwa vibarua, wasee wa msoto, wamehama kwao kutafuta maisha. Ukiipiga hapa Riruta haujaiga mtu wa mbali sana. Mtu akikuambia drill si yetu, tuache, msomee hii. Ngoma imekuwa ikizunguka na watu weusi ndani yake kila mahali imefika, na Nairobi iliingia kwa huo mzunguko kitambo, na jina la Kabaka.

Chenye nataka kutoka kwenu, wasanii wa huku, ni kidogo. Biti ikiwa ya msee flani, andika jina lake hapo chini ya video, hata kama aliipika kwa keja yenu na hukumlipa kitu zaidi ya chapo na madondo. Umechukua kipande cha ngoma ya zamani, sema ni ya nani, na umtafute mwenyewe ama familia yake mkubaliane. Mistari ukiandika na mwenzako, kubaliana asilimia kabla muingie studio, na muiweke kwa karatasi. Na ngoma ikiwa tayari, isajili kwa Kenya Copyright Board, KECOBO, kabla uiachilie YouTube. Dixon ilimchukua miaka 18 jina lake kuwekwa.